Mtoto wa Miezi Minne Hachori Kadi

Mwisho wa muhula dada yangu alinituma nikamchukue mwanawe wa miezi minne kwenye kituo cha kulelea watoto. Pamoja na mkoba wa nepi nikakabidhiwa kadi: karatasi ngumu nyeupe, katikati ina alama nyekundu iliyokusudiwa kuwa kiganja, na chini yake mtu ameandika kwa kalamu, "Nakupenda Mama." Kiganja chenyewe hakikuonekana. Lilikuwa doa, na pembeni ya doa kidole gumba kimoja na nusu. Nikamwambia anti aliyenikabidhi kuwa kazi nzuri. Akacheka. "We mjomba, acha tu. Tulimshika watu wawili. Kila tukimfungua vidole anakunja ngumi, mwishowe akalia mpaka akalala."

Mtoto wa umri ule ukimgusa katikati ya kiganja, vidole hujifunga vyenyewe. Si ukaidi. Ni mwitikio anaozaliwa nao, na huanza kufifia kati ya mwezi wa nne na wa sita. Brashi yenye rangi ya baridi ikipita kiganjani inamwamuru afunge ngumi. Watu wazima wawili walikuwa wanashindana na mishipa ya fahamu, na mishipa ikashinda.

Siwalaumu. Mzazi analipa ada na anataka kuona kitu, na kituo nacho kinataka aone kitu. Kadi ile ilikuwa risiti. Ugomvi wangu ni kwamba kwenye ratiba ukutani kipindi hicho kilikuwa kimeandikwa "sanaa", na ndani ya neno hilo moja yamefungwa mambo matatu ambayo hayafanani: kutengeneza kitu cha kuonyesha, kumpa mtoto vitu vya kuona na kugusa na kuonja, na ahadi kwamba kwa kufanya hivyo akili yake itakua haraka kuliko ya jirani.

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalouza. Mwaka 1993 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti mfupi ambamo wanafunzi wa chuo kikuu walisikiliza muziki wa Mozart, mtunzi wa kale wa Ulaya, kwa dakika kumi, kisha wakafanya vizuri kidogo kwenye maswali ya kukunja na kupanga maumbo akilini. Faida ile ilidumu robo saa hivi. Hapakuwa na mtoto mchanga hata mmoja kwenye utafiti ule. Miaka mitano baadaye gavana wa jimbo la Georgia kule Marekani, Zell Miller, akaomba fedha za bajeti ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apewe rekodi ya muziki wa aina hiyo. Tangu hapo biashara haijalala: kadi za rangi mbili, video za "kuchangamsha ubongo", vinyago vinavyoimba kwa lugha tatu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilisema mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa. Lilitaka pia, kwa yule ambaye hajaanza kutambaa, apate angalau nusu saa kwa siku ya kulazwa kifudifudi akiwa macho, hata kama ni kwa vipande vipande. Mkeka na sakafu vinatosha.

Ahadi ya akili tuiweke kando. Yamebaki mawili.

Milango, na nani anayeifungua

Kiswahili kina jina zuri la macho, masikio, pua, ulimi na ngozi: milango ya fahamu. Shuleni tulihesabu mitano. Kwa mtoto mchanga kuna miwili zaidi isiyotajwa sana, nayo ina kazi kubwa: ule wa ndani ya sikio unaomwambia yuko wima au anainama, na ule wa kwenye misuli na viungo unaomwambia mkono wake uko wapi hata akiwa gizani. Bibi anayemrusharusha mjukuu magotini huku akimwimbia anagusa milango minne kwa mpigo, bila ratiba.

Milango hiyo haifunguki siku moja. Kusikia huanza tumboni. Kunusa kuko tayari tangu kuzaliwa, ndiyo maana mtoto wa siku chache huijua harufu ya maziwa ya mama yake. Macho ndiyo yanayochelewa. Mtoto mchanga huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, yaani kutoka titi la mama hadi uso wake, na ng'ambo ya hapo dunia ina ukungu. Rangi hafifu, zile pinki na buluu za maziwa tunazopaka vyumba vya watoto, kwake zinakaribia kuwa kitu kimoja. Anachokiona ni tofauti kali: cheusi pembeni ya cheupe, na nyekundu iliyokolea.

Hapa watu wa pwani hawana haja ya kununua kadi za kuagizwa. Fungua kabati utoe kisutu. Khanga ile ya harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe, yenye viua na vijimraba vilivyojipanga, imekaa kana kwamba aliyeitia nakshi alikuwa na mtoto wa wiki sita mapajani. Itundike ubavuni mwa mkeka, umbali wa mkono wako kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, ikiwa imefungwa imara isije ikamwangukia usoni. Mlaze mtoto ubavu, umsubiri. Ataikodolea. Akishachoka atageuza uso, atapiga miayo au atakunja ngumi, na hapo kipindi kimekwisha, hata kama ni dakika mbili. Wengi wetu tunakosea hapo: mtoto akigeuka, tunamfuata na khanga upande wa pili.

Kutazama, hata hivyo, ni nusu ya habari. Nusu ya pili aliigundua mwanasaikolojia wa Marekani, Carolyn Rovee-Collier, miaka ya 1960, akiwa nyumbani na mwanawe mchanga asiyetulia huku kazi yake ya chuo inamsubiri. Alichukua utepe akaufunga upande mmoja kwenye kifundo cha mguu wa mtoto na upande wa pili kwenye pambo lililoning'inia juu ya kitanda. Mtoto akirusha mguu, pambo linacheza. Haikuchukua muda akawa anarusha mguu kwa makusudi. Baadaye, kwa majaribio ya miaka mingi, alionyesha kwamba watoto wa miezi mitatu wanaukumbuka mchezo huo baada ya siku kadhaa. (Nyumbani usimfunge mtoto kamba ukamwacha, mtafiti alikuwa amekaa pale pale.)

Utepe ule ndio ninaotaka kuushika katika makala hii. Pambo lilikuwepo tangu mwanzo na mtoto alikuwa akiliona. Kilichombadilisha ni kugundua kwamba yeye ndiye anayelichezesha. Mwaka 1968 watafiti James Gibson na Patricia Yonas waliona jambo la jamii hiyo kwa watoto wakubwa kidogo, wa mwaka mmoja na zaidi: wakipewa kalamu inayoacha alama wanakwaruza kwa raha, wakipewa kalamu iliyo sawa kwa kila kitu isipokuwa haitoi wino, wengi wanaacha. Raha haikuwa katika kuzungusha mkono. Ilikuwa katika kuona mkono umeacha kitu nyuma yake.

Rudi sasa kwenye kadi ya dada yangu. Nani aliacha alama pale? Anti wawili.

Kapu

Mtoto akishaweza kukaa kitako bila kushikiliwa, na kabla hajaanza kutambaa, ana kipindi cha wiki chache ambacho mikono iko huru na miguu haijapata safari. Mwalimu Mwingereza Elinor Goldschmied, aliyefanya kazi miaka mingi katika vituo vya watoto nchini Italia baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alikitengenezea kipindi hicho kifaa chake: kapu la mviringo, pana kiasi cha sentimita 35, fupi na zito lisipinduke mtoto akiliegemea, lililojaa vitu vya kawaida vya nyumbani. Hakutia kitu cha plastiki hata kimoja. Hoja yake ilikuwa nyepesi: vinyago vya plastiki vinatofautiana rangi na umbo, lakini ukivitia mdomoni vyote ni kitu kimoja, uzito ule ule, ubaridi ule ule, harufu ile ile.

Na mdomoni ndiko vinakokwenda. Mtoto wa miezi saba anayelamba kijiko anasoma. Midomo na ulimi vina mishipa ya kugusa mingi kuliko vidole vyake ambavyo bado vinajifunza. Kule kubana kitu kwa kidole gumba na cha shahada kutakuja mwezi wa tisa au wa kumi. Kwa hiyo kumwambia "usitie mdomoni" ni kumwambia fumba macho. Kazi ya mlezi ni kuhakikisha kilichomo kapuni kinafaa kulambwa.

Kapu la huku kwetu linajaa bila kwenda dukani. Kifuu kilichosuguliwa kikalainika. Upawa mdogo. Mwiko. Kawa dogo la ukili. Kijiko cha chuma, kizito na baridi. Dodoki lililolowekwa na kukaushwa. Kombe kubwa la pwani lisilo na ncha. Kitambaa cha khanga kilichofungwa fundo, kingine cha gunia lililofuliwa. Brashi ya kufulia, mpya, yenye mpini wa mti. Limau zima. Niliwahi kuweka funguo kwa sababu watoto wanazipenda kufa, nikazitoa: nyingi ni za shaba nyeupe iliyochanganywa na madini ya risasi, na risasi haina kiwango salama kwa mtoto. Mradi wa Madrasa, ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan kisha ukaenda Zanzibar na Uganda, uliwafundisha walimu wa chekechea kutumia vifuu, kombe na mbegu za mazingira yao badala ya kungoja vifaa vya nje. Wale ni watoto wakubwa zaidi, lakini jicho ni lile lile, isipokuwa mbegu tutaziacha hadi mtoto akue.

Mlezi anakaa karibu, sakafuni, kimya. Kimya hicho ndicho kigumu. Mtoto anachukua kifuu, anakigeuza, anakilamba ukingo, anakiangusha, anasikia mlio, anakitafuta. Ukimwingilia na "hii nini? Kifuu! Sema kifuu!" umemkatisha katikati ya sentensi. Ila kimya si kununa. Mwaka 1978 mwanasaikolojia Edward Tronick na wenzake walichapisha jaribio ambalo mama alitakiwa akae mbele ya mwanawe kwa dakika chache bila kubadilisha uso wala kumjibu. Watoto walijaribu kumchokoza kwa tabasamu na sauti, waliposhindwa wakageuka, wakanyong'onyea. Uso uliozama kwenye simu hauko mbali sana na uso ule. Mtoto akiinua kichwa kutoka kapuni akutazame, akute macho yako yanamsubiri. Hapo sema neno moja.

Rangi, uji na swali la chakula

Tunafika kwenye rangi, ambako ndiko watu wengi huanzia. Kwa mtoto ambaye bado ananyonya tu, yaani chini ya miezi sita, rangi ya kulambika haipo, kwa sababu hatakiwi kulamba chochote. Mpe rangi iliyofungiwa: mfuko wa plastiki mzito wenye zipu, ndani vijiko viwili vya rangi ya maji ya rangi mbili, hewa imetolewa, zipu imezibwa kwa solotepu, na mfuko wenyewe umebandikwa sakafuni pande zote nne. Mtoto amelala kifudifudi anaukandamiza, rangi zinakimbia, zinakutana. Mkono wake ndio umezikimbiza. Zoezi la kifudifudi nalo limepatikana. Ukiona mfuko umeanza kuvuja, au mtoto amepata kona ya kutafuna, toa.

Baada ya miezi sita mitandao itakushauri mtindi uliotiwa maji ya kiazi sukari au ya mchicha, upakwe kwenye sinia, mtoto avuliwe nguo aachwe. Ni salama kwa wengi, isipokuwa mwenye mzio wa maziwa, na inafurahisha kutazama. Lakini nimekaa na walezi wa vituo vya mtaani nikaona nyuso zao unapowaambia wamwage kikombe cha mtindi kwenye sinia. Mmoja alinijibu kwa upole, "Kaka yangu, hapa kuna mtoto mama yake ameleta chupa ya uji iwe ya mchana na ya jioni." Tumefundishwa kuwa chakula hakichezewi, na adabu hiyo haikutoka kwa watu wajinga. Nadhani wako sahihi, na nadhani wala hakuna tunachopoteza.

Maana mlo wenyewe ndio hilo somo. Mtoto anayeanzishiwa chakula akiachwa atie mkono kwenye kisahani chake cha ndizi iliyopondwa, akaipaka mezani kabla ya kuipeleka mdomoni, ameona rangi, amegusa utelezi, amenusa, ameonja, na ameacha alama. Tofauti ni kwamba mlezi anayewalisha watoto sita kwa kijiko kimoja hana muda wa kungoja. Tatizo liko kwenye idadi ya mikono ya watu wazima, mtindi hautalitatua.

Na kuna maji. Sinia la bati lenye maji ya kina cha ukucha, mtoto ameketi mbele yake, jua la asubuhi. Akilipiga kuna mlio, kuna rasharasha, kuna mwanga unaotetemeka ukutani. Akipeleka kiganja kilicholowa kwenye sakafu ya saruji, saruji inakuwa nyeusi mahali alipogusa, halafu polepole inarudi kuwa kijivu. Sijui rangi ya dukani iliyo nzuri kuliko hiyo, na haimlazimu mtu kuisafisha. Mlezi asinyanyuke hapo hata kwenda kuitikia hodi: mtoto mchanga anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita tano.

Vinavyokatazwa ni vingi kuliko vinavyoruhusiwa, na vingine viko kwenye video zinazotazamwa sana. Asali isimguse mtoto chini ya mwaka, hata kwa kupaka ulimini, kwa sababu inaweza kuwa na vimelea vya ugonjwa wa kupooza uitwao botulizimu. Unga wa kuchezea uliokandwa kwa chumvi nyingi ni hatari akimeza kipande, na unga mbichi wa ngano unaweza kuwa na vijidudu ambavyo jiko tu ndilo linaviua. Maharage makavu kwenye beseni yanapendeza kwa picha. Yanakwama kooni na puani, na yale mekundu yakiwa mabichi ni sumu. Karanga, shanga, puto lililopasuka, vyote nje. Zile shanga za maji zinazovimba zikilowekwa, ikimezwa moja inavimba ndani ya utumbo. Poda na unga mkavu vinakwenda mapafuni. Rangi za mafuta za ukutani huweza kuwa na risasi. Binzari manjano ina rangi nzuri mno, lakini kule Bangladesh iligundulika kwamba wafanyabiashara walikuwa wakiing'arisha kwa kemikali ya risasi, kwa hiyo tumia mzizi mbichi uliousugua mwenyewe, ukikubali kwamba nguo ya mtoto haitarudi kuwa nyeupe. Udongo wa uani unaweza kuwa na mayai ya minyoo, na mama anayekula pemba, ule udongo wa kutafuna, asimgawie mtoto.

Kipimo cha ukubwa kiko chooni. Tishu ikiisha linabaki bomba la karatasi, na kitu chochote kinachopenya humo ni kidogo mno kwa mtoto. Kapu lote lipitishwe hapo. Kisha kila jioni vioshwe vinavyooshwa, vianikwe, kilichopasuka au kuchomoka nyuzi kitupwe bila huruma.

Kadi nyingine

Linabaki lile la kwanza, kitu cha kumwonyesha mzazi. Si jambo dogo. Likizo ya uzazi Tanzania ni siku 84, Kenya miezi mitatu, kwa hiyo mama anarudi kazini mtoto hajaweza hata kukaa. Anastahili kujua siku ya mwanawe ilikwendaje. Katika mji wa Reggio Emilia kaskazini mwa Italia, ambako mwalimu Loris Malaguzzi na wazazi wa pale walijenga vituo vya manispaa vinavyosifika duniani, walimu wana desturi ya kuandika na kupiga picha kile mtoto alichokuwa anafanya, kisha wanakibandika ukutani wazazi wasome. Kinachoonyeshwa ni shughuli, hata kama mwisho wake hakuna kitu kilichobaki mkononi. Kwa mtoto wa kapu na sinia la maji njia hiyo ndiyo inayowezekana, kwa sababu kazi yake hukauka ndani ya dakika tatu. Haihitaji kamera. Inahitaji mlezi aliyekuwa anatazama, na kalamu.

Mpwa wangu alihamia kituo kingine alipofikisha miezi saba. Wiki ya pili alirudi na kikaratasi cha daftari kimekunjwa mara mbili kwenye mfuko wa mkoba wa nepi, mwandiko wa haraka: "Leo kachukua limau kapuni. Kalitafuna ganda, katetemeka mwili mzima, kalitupa. Kalifuata kwa tumbo, kalitafuna tena. Mara tatu." Dada yangu alikisoma akiwa amesimama jikoni, akakisoma tena, kisha akapiga simu kituoni kuuliza kama limau lilikuwa limeoshwa.